Chapa Moja Chini ya Bakuli

Hapo zamani, nyembe zilipokuwa zikifuliwa kwa nyundo na uji ukinywewa kwa bakuli la mti, palikuwa na mji juu ya kilima ukiitwa Kigurunga. Watu wa Kigurunga walikuwa na wazimu mmoja, nao ni kukereza mabakuli, yaani kuyachonga mti ukizungushwa mbele ya patasi. Hawakukereza ili wauze. Aliyeuza hata moja alitolewa mchezoni. Mkulima akirudi shamba, alikereza. Mfinyanzi akinawa udongo mikononi, alikereza. Walikereza kwa raha zao tu, na kila mmoja alitaka bakuli lake liwe jembamba kuliko la jirani.

Kila mwaka, baada ya kuvuna mpunga, walikusanyika uwanjani saa sita mchana, na kila bakuli likapewa mitihani miwili. Kwanza liliinuliwa juani, na mkunga wa mji, Bi Mgeni, akapitisha mkono nyuma yake. Watu walitakiwa waone kivuli cha vidole vyake kupitia ukuta wa mti. Pili lilijazwa uji wa moto, nalo lisivuje hata tone. Bakuli litakalofaulu yote miwili lingechorwa kitakoni alama ya mwenyewe, ndiyo chapa yake, kwa ncha ya chuma cha moto, kisha likaning'inizwa kwenye lango la mji. Chapa moja, mtu mmoja, kwani kitako cha bakuli jembamba hakizidi ukucha wa kidole gumba. Na chuma kilichomwa motoni mara moja tu. Kikipoa kabla ya kazi, bakuli halina mwenyewe, na bakuli lisilo na mwenyewe hunyweshewa kuku.

Miaka nenda, miaka rudi, hakuna lililofaulu. Lililoonyesha vidole lilivuja. Lisilovuja lilikuwa nene kama kinu.

Sasa, palikuwa na kinyozi mjini humo, Sefu Kirobo. Mkono wake ulikuwa mwepesi ajabu. Alimnyoa mtoto mchanga usingizini, na mtoto asiamke. Lakini mbele ya kerezo alikuwa na ugonjwa. Bakuli likishakuwa jembamba, zuri, la kupendeza, yeye husema, "Mkato mmoja tu, wa mwisho." Akakata. Tundu! Mwaka wa pili: "Mkato mmoja tu, wa mwisho." Tundu! Miaka kumi na minane, matundu kumi na manane. Mji ukampa jina, Bwana Tundu, nalo likamganda. Mkewe akawa Bi Tundu. Siku alipozaliwa mjukuu wake wa kwanza, watu wakaja na vicheko mlangoni: "Hongereni! Yuko wapi mjukuu wa Tundu?" Sefu alicheka pamoja nao, kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia. Akaapa kwamba mwaka huu atalitupa jina hilo, au ataitupa patasi.

Kerezo la Kigurunga lilitaka watu wawili. Mmoja alishika patasi. Mwingine alivuta ukanda uliozungushwa kwenye mhimili, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na bakuli likazunguka. Aliyemvutia Sefu ukanda ni dada yake, Mwanahija, mwanamke wa maneno machache, na hayo machache makali.

Mwaka huo upepo uliung'oa mchungwa wa jirani yao, Chande. Chande alikuwa mtu wa polepole. Ukimwuliza habari za asubuhi, alikujibu adhuhuri. Akaja na gogo begani.

"Jirani, chukua," akasema. "Ila likishakuwa bakuli, kulikausha niachie mimi. Wewe una haraka."

Basi wakaanza kazi. Mwanahija akavuta, kulia, kushoto. Maranda yakaruka, ua mzima ukanukia machungwa. Mwanzoni mti ulinguruma. Ukuta ulipopungua, ukaanza kuvuma. Ulipopungua tena, ukalia sauti nyembamba ya mbu.

"Basi, kaka," akasema Mwanahija.

"Bado."

"Nimesema basi. Hiyo sauti naijua, nimeisikia mara kumi na nane."

"Mkato mmoja tu, dada yangu. Wa mwisho!"

Mwanahija hakubishana. Alichomoa kisu kiunoni akaukata ukanda vipande viwili. Bakuli likasimama. Patasi ya Sefu ikaukuta mti umetulia, ikateleza bila kudhuru.

"Umeniharibia kazi!" Sefu akafoka.

"Liinue juani, halafu uendelee kufoka."

Akaliinua. Akaviona vidole vyake vitano, kila kimoja na vifundo vyake. Akakaa chini palepale kwenye maranda.

Lakini bakuli bichi si bakuli. Upepo wa kaskazi wa mwaka huo ulikuwa mkavu na mkali, na kila nyumba mabakuli yalipasuka, pa! pa! Chande akalichukua la Sefu, akalifukia mtungini ndani ya maranda mabichi. Kila asubuhi alitoa konzi moja ya maranda mabichi, akatia konzi moja ya makavu. Kila jioni vivyo hivyo. Siku ishirini na moja hakwenda shamba. Nguruwe wakaingia, wakachimba mihogo yake yote, majirani wakaja mbio kumwambia. Chande akajibu, "Nimesikia," akatia konzi nyingine.

Siku ikafika. Uwanja ulijaa. Mabakuli saba yakaletwa, saba yakaanguka. La Sefu likawa la nane.

"Haya, Bwana Tundu!" watu wakapiga kelele. "Tuonyeshe tundu la mwaka huu liko upande gani!"

Bi Mgeni akaliinua juani, akapitisha mkono. Kelele zikakatika. Vidole vitano vilionekana, na pete ya kidole cha kati ikaonekana pia. Ukaletwa uji, unatoa moshi. Ukamiminwa hadi ukingoni. Bi Mgeni akapapasa chini ya bakuli. Pakavu. Wakahesabu hadi mia. Akapapasa tena. Pakavu! Ndipo akaliweka mdomoni, akaunywa uji wote, akajipangusa.

"Limefaulu," akasema.

Lo! Wanawake walipiga vigelegele hadi ndege wakahama miti. Wazee walirusha kofia, na zilipotua hakuna aliyejua ya nani ni ipi. Sefu akabebwa juujuu, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane aliusikia mji ukiliita jina lake: "Kirobo! Sefu Kirobo!" Alilia hadharani, wala hakujali nani anamwona.

Waliposhusha pumzi, Bi Mgeni alikuwa amekwisha kukitoa chuma makaani, chekundu.

"Nitie chapa ya nani?"

"Yangu, wembe," akasema Sefu. "Mkono ni wangu. Unene wote wa ukuta ule niliutoa mimi. Miaka kumi na minane nimechekwa, na mjukuu wangu amechekwa kabla ya kuota meno."

"Yangu, fundo la ukanda," akasema Mwanahija. "Mkono wake ulitoboa mabakuli kumi na manane. Hili halina tundu kwa sababu mimi nilikata. Kaka, sema kweli mbele ya watu. Ningeendelea kuvuta, ungeacha?"

Sefu angeweza kusema ndiyo, nani angembishia? Akautazama mkono wa dada yake, wenye sugu za ukanda wa miaka yote ile.

"Nisingeacha," akasema.

Chande ndiye wa mwisho kufungua kinywa, na watu walikwisha kuanza kuingiwa na wasiwasi juu ya chuma.

"Yangu, chungwa," akasema. "Yeye alikata, huyu alikatiza. Wamenipa kitu cha kupasuka kesho yake. Mabakuli yote ya mji yalianza vizuri. Hili ndilo lililofika, na aliyelifikisha ni mimi. Watoto wangu hawana mihogo."

Bi Mgeni akawatazama mmoja mmoja. Mwisho akamtazama Sefu. Jina alilolitafuta Sefu alikwisha kulipata. Mji ulikuwa umelitamka. Lakini lango la mji lingelitamka la nani, mjukuu wake atakapopita chini yake akiwa mtu mzima? Akafumba macho.

Chuma kilitoka wekundu, kikawa rangi ya kutu. Kuku wawili wa jirani walikuwa wamekwisha kusogea karibu.

Mkunga akakigeuza kishikio akawaelekezea watu, na mimi leo nawaelekezeeni nyinyi. Kishikeni, bado kina moto kidogo. Aliyekata, aliyekataa kuendelea, au aliyengoja: je, ni nani aliyestahili chapa ile?