Wageni Waliokataa Kigoda

Mama, kama una sufuria jikoni, ipua kwanza, maana hii ukiianza huwezi kuiacha katikati, na ukiimaliza utatafuta mtu wa kumtumia.

Palikuwa na mama mmoja kijana, jina lake Aikande, mwenye mtoto wake wa kwanza, Barikieli, ndiyo kwanza anaota meno. Tangu ajifungue alikuwa mtu wa hofu. Aliogopa baridi, aliogopa joto, aliogopa mbwa, aliogopa hata mkono wa mgeni kumshika mtoto shavu. Kanisani kwao mjini walipotangaza safari fupi ya injili, siku chache tu huko milimani, nyumba kwa nyumba, alijikuta amenyoosha mkono, na mkono ukiwa bado juu akaanza kuogopa.

Siku ya kuondoka mama mkwe alimkabidhi chupa ya chai iliyojaa uji.

"Mtoto asile kwa watu," akamwambia. "Hujui vyombo vyao, hujui maji yao. Uji huu hapa, nimeupika mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Umesikia lakini?"

"Nimesikia, mama."

Akaikumbatia ile chupa njia nzima kama vile ndiyo mtoto wa pili.

Kiongozi wao alikuwa Mwinjilisti Zefania, mtu mwema kabisa, ana sauti ya kufika mbali na miguu isiyotulia. Kijiji chenyewe kilikuwa kimetandazwa juu ya mgongo wa mlima, nyumba moja hapa, nyingine kule ng'ambo ya bonde, katikati ni viazi na mahindi na ukungu. Asubuhi akawapanga watu wake wawili wawili, na Aikande akamchukua yeye mwenyewe, kwa kuwa aliona jinsi anavyotetemeka.

"Sikilizeni," akawaambia. "Tatizo la vijijini ni ukarimu. Ukikaa, umekwisha. Wataleta kigoda, wataleta chai, watachemsha viazi, jua linazama bado uko nyumba moja. Kwa hiyo hatukai. Salamu, ujumbe, maombi, tunasonga. Leo nyumba zote za mlima huu zisikie habari njema."

Wakasema amina. Aikande naye akasema amina, tena ya moyoni, maana asipokaa hakuna atakayemkaribisha kula.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Sekela, mjane, mama wa mtoto mmoja. Walimkuta uani anapukuchua mahindi, ng'ombe wake mmoja wa maziwa amefungwa nyuma ya jiko.

"Hodi hapa."

"Karibuni. Karibuni sana, wanangu." Bibi aliinuka kwa haraka mpaka mahindi yakamwagika. Akaingia ndani, akatoka na kigoda, akakifuta kwa pindo la khanga yake. "Kaa, baba. Na wewe mwenye mtoto, ngoja nikuletee mkeka."

"Asante, mama, hatukai," akasema Zefania.

Mkono wa bibi ukabaki pale pale juu ya kigoda. "Hamkai?"

"Hatukai. Tumetumwa na ujumbe."

Bibi akamtazama Aikande, na Aikande, kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa, akatikisa kichwa kwamba naye hakai.

"Mmetoka wapi?"

"Mbali sana, mama."

Sasa Zefania alikuwa na njia yake ya kumfungua mtu moyo, nayo ilikuwa kumuuliza habari za watoto. Akauliza kwa upole, "Mama, umejaliwa watoto?"

"Mmoja. Lwitiko."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Alikwenda machimboni kutafuta dhahabu. Sijaisikia sauti yake tangu mvua za mwaka juzi." Sauti yake yeye mwenyewe ilikuwa inapungua. "Kwani mnamfahamu?"

Zefania aliguswa, aliguswa kweli. Akavua kofia, akaibana kifuani, akatikisa kichwa polepole, akamwekea bibi mkono begani na kusema kwa huruma yote aliyokuwa nayo, "Mama, tuombe."

Bibi Sekela akapiga yowe. Aikande hakuwahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa binadamu. Bibi akajitupa chini katikati ya mahindi yake, akawa anajipaka udongo usoni, analia jina la mwanawe.

"Umeona?" Zefania akamnong'oneza Aikande, macho yanang'aa. "Hata Biblia sijafungua."

"Mwinjilisti, huyu bibi analia vibaya."

"Mwache. Moyo ukivunjika ndivyo unavyolia."

Akapandisha sauti ya maombi. Na kadiri alivyopandisha ndivyo bibi alivyolia, na ng'ambo ya bonde yowe likajibiwa na yowe, na huko juu likajibiwa tena, na mara watu wakaanza kushuka. Walitoka kila upande. Wanawake wamejifunga khanga viunoni, wanaume wana majembe mabegani bado yana udongo mbichi, wengine wamebeba kuni, wengine wamejitwika sufuria kubwa. Zefania akafumbua jicho moja, akaona kijiji kizima kinamiminika uani akiwa kwenye nyumba ya kwanza tu, na machozi ya furaha yakamtoka. Watu walipoona mgeni mwenyewe analia, wakazidi kulia.

Mama mmoja jirani, mnene, mwenye mikono ya kazi, akamshika Aikande kiwiko.

"Pole, mdogo wangu. Kafia shimoni au ni homa?"

"Nani?"

"Lwitiko, nani mwingine."

"Lwitiko kafa?"

"Si ninyi mliokuja na habari?"

"Sisi? Dada, sisi hatumjui hata sura."

"Usinifiche. Mmekataa kigoda. Huku kwetu mgeni anayekataa kigoda ni mleta msiba. Hakai, hali, hanywi. Anasema akiwa wima, anaondoka. Na huyo mwenzako kavua mpaka kofia."

Aikande akageuka, na hapo akaona wanaume wawili wanamfungua yule ng'ombe nyuma ya jiko, na mmoja ana panga.

"Wanampeleka wapi?"

"Wa msiba huyo. Watu wote hawa watakula nini?"

Aikande akakimbia, akamvuta Zefania koti, akamweleza yote kwa pumzi moja. Zefania akainua mikono yote miwili. "Ndugu zangu, tulieni. Hakuna aliyekufa."

Mzee Mwasomola, kaka wa marehemu mume wa bibi, alikuwa ameshachukua usimamizi wa msiba. Akamjibu kwa heshima, "Ahsante, baba. Unampoza mama. Tumekuelewa."

"Mzee, simpozi. Ni kweli kabisa."

"Kama ni kweli, mbona umesimama?"

"Nimesimama kwa sababu hatuna muda."

Mzee akawageukia watu. "Mmesikia. Hawana muda. Maiti iko njiani."

Basi kilio kikaanza upya, sasa mara mbili ya kwanza. Na chini pale, katikati ya mahindi, Bibi Sekela alikuwa anasema peke yake, "Angenipigia hata mara moja. Angenitukana hata kunitukana, niisikie sauti."

Aikande alitaka kukimbilia gari lililowaleta. Kila kitu alichokiogopa duniani kilikuwa kimekusanyika kwenye ua ule, umati, mbwa, panga, na kifo ambacho yeye ndiye alikileta kwa kutikisa kichwa tu. Lakini kimoja alishakielewa. Lolote litakalosemwa na mtu aliyesimama, hapa ni msiba.

Akapita katikati ya wanawake. Akakiokota kile kigoda, akakisogeza mpaka kando ya bibi, akakaa kwa uzito wake wote.

Waliokuwa karibu wakanyamaza kidogo. "Kachoka, maskini," mmoja akasema. "Kabeba mtoto." Wakaendelea kulia.

Ile chupa ya uji ilikuwa ndani ya mkoba, inamgusa ubavuni. Aikande akaufunika mkoba kwa kitenge.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Naomba uji."

Bibi hakusikia. Akarudia kwa nguvu. "Bibi, mtoto wangu ana njaa. Na mimi nina njaa. Una uji?"

Bibi Sekela akainua uso umejaa udongo. "Unaomba kula kwangu?"

"Naomba. Na kama kuna viazi, naomba na viazi."

"Utakula hapa? Ndani ya ua huu?"

"Nitakula hapa, na nikishiba nitaomba kulala."

Kilio kikakatika kuanzia mbele kwenda nyuma, kama watu wanaopokezana habari, ameomba kula, mgeni ameomba kula. Zefania akatafuta pa kukaa, hakuona, akakaa na suruali yake nyeupe juu ya rundo la magunzi.

Mzee Mwasomola akamsogelea. "Na wewe una njaa?"

"Sana, mzee."

"Na muda umepatikana?"

Hapo mtu mmoja akacheka, ikawa kama mtungi umepasuka, wakacheka mpaka waliokuwa na kuni vichwani wakazitupa chini. "Huyu ng'ombe tumchinje au?" akauliza yule mwenye panga, na wanawake wakamzomea mpaka akamrudisha kambani mbio. Bibi Sekela mwenyewe alikuwa ameshaingia jikoni. Akatoka na kikombe cha bati kilichobanduka rangi, mvuke unapanda. Aikande alikiona vizuri kile kikombe. Akapuliza, akamnywesha mwanawe, na Barikieli akanywa mpaka mwisho, kisha akalia anataka tena.

Wakala viazi. Zefania alihubiri akiwa ameketi, kiazi mkononi, kwa watu wote wa mlima ule kwa mpigo mmoja, na walimsikiliza vizuri sana.

Lakini bibi alikuwa amesimama mlangoni na furaha yake imeanza kupungua. Akamwendea Aikande. "Mwanangu, umesema humjui Lwitiko."

"Simjui, bibi."

"Basi hujui kama yuko hai."

Aikande alitamani kumdanganya, akashindwa. "Sijui, bibi. Najua tu kwamba sisi hatukuleta habari ya kifo chake."

Bibi akatikisa kichwa, akakaa chini karibu yake.

Ndipo simu ya Mzee Mwasomola ikaita. Unajua mzee alivyofika msibani alifanya nini kwanza? Alimpigia ndugu yao mmoja aliyeko machimboni kumuuliza mwili utasafirishwa lini. Yule ndugu akashtuka, akaacha kazi, akaanza kuzunguka kambi baada ya kambi, anauliza maiti ya Lwitiko iko wapi.

Mzee akaiwasha sauti ya nje.

"Baba mkubwa, shikamoo," sauti ikasema. "Naambiwa nimekufa."

"Nani anaongea?"

"Mimi Lwitiko. Watu wa huku wameshaanza kunitafutia jeneza."

Bibi Sekela akaipokea simu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kifaranga.

"Lwitiko."

"Mama."

"Sema tena."

"Mama. Ni mimi." Kisha sauti ikavunjika. "Sikupata kitu, mama. Mashimo yote niliyochimba, sikupata. Niliona aibu kukupigia mikono mitupu."

"Nani alikuomba kitu?" bibi akasema. "Nilikuomba nini mimi, Lwitiko? Rudi nyumbani. Ua umejaa watu, viazi viko jikoni vya moto. Rudi."

Alirudi kabla ya Jumapili iliyofuata, ana mfuko mmoja wa nguo, na mama yake alimpokea njiani kabla hajaiona nyumba.

Funzo: Habari njema ikiletwa na mtu mwenye haraka, husikika kama msiba. Ukienda kwa watu, pokea kwanza wanachokupa, ndipo na wao watapokea ulichowaletea. Na wewe ambaye mama yako hajaisikia sauti yako siku nyingi kwa sababu huna kitu cha kumpelekea, usitume ujumbe huu kwa mtu yeyote kabla hujampigia yeye.