Nozeli Iliyokaa Mfukoni

Mtu mmoja alikuwa na shamba la mahindi mteremkoni, na chini yake, upande ambao upepo huelekea, palikuwa na shamba la maharage la shemeji yake. Mtu huyo aliitwa Ambakisye. Shemeji yake, Atuganile, alikuwa mjane wa mdogo wake. Yule mdogo alipokuwa anakata roho alimshika kaka yake mkono, akamwomba amwangalie mkewe, njaa isije ikamwondoa kwenye lile shamba. Ambakisye akaapa. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Angekuwa mtu mbaya, mfano huu ningeumaliza mapema, na hasira niliyonayo nisingekuwa nayo.

Ambakisye alikuwa ameacha kupalilia kwa jembe. Alikuwa na bomba la kubeba mgongoni na dawa ya magugu, ile ambayo mahindi huyapita salama lakini chochote chenye jani pana hukinyonga. Maharage yana jani pana. Mwishoni mwa mkono wa bomba hukaa nozeli, kidude kidogo kinachoamua dawa itoke vipi. Nozeli yake ilitoa matone madogo mno, mepesi kama mvuke wa chai. Akipampu kwa nguvu, ukungu mweupe ulimzunguka, na watu waliopita barabarani wakasema, leo Ambakisye yuko kazini. Aliupenda ukungu ule. Hakujiuliza ukitoka kwake unakwenda wapi.

Ulikwenda kwa shemeji yake. Maharage yalipokuwa yanakaribia kutoa maua, majani yakajikunja, mashina yakapinda, na maua machache yaliyotokea yakapukutika. Atuganile akavuna maganda yasiyo na kitu ndani.

Ambakisye alipoona, aliumia. Akafanya kama desturi ya kwao inavyotaka. Akamkamata kuku jike mwenye afya, akamfunga miguu, akaenda kwa shemeji yake, akakaa kwenye kigoda kifupi kuliko vyote, akasema amekosa. Atuganile akampokea yule kuku, kwa sababu kwao kumkataa kuku wa msamaha ni kumkataa aliyemleta. Jumapili Ambakisye akasimama kanisani akaungama mbele ya watu wote. Wazee wakampa mkono. Ikaonekana yamekwisha.

Msimu uliofuata akapuliza kwa nozeli ileile. Kuku mwingine akafungwa miguu.

Ndipo bwana shamba akaitisha mkutano wa wakulima. Akatia maji matupu kwenye bomba, akapuliza kwanza kwa nozeli kama ya Ambakisye, na kila mtu akaona jinsi ukungu ulivyopeperuka ukawalowesha akina mama waliokaa mbali. Kisha akafunga nozeli nyingine, yenye matone makubwa, na maji yakaanguka pale pale alipoyatuma. Akasema tone zito hutii mkono, tone jepesi hutii upepo. Akawaambia wasipampu kama watu wanaozima moto, na wauinamishe mkono wa bomba karibu na magugu. Mwisho akampa kila mwenye bomba nozeli moja ya matone makubwa, bure. Atuganile alikuwa miongoni mwa wale waliolowa. Akamwona Ambakisye anapokea ya kwake, anashukuru kwa mikono miwili, anaitia katika mfuko wa koti lake la Jumapili, maana ndilo alilokuwa amevaa.

Ikakaa humo.

Ndugu zangu, nozeli hufungwa kwa mkono. Haihitaji fundi wala spana. Unageuza, unatoa hii, unaweka ile, unageuza tena. Kazi yenyewe haifiki ile ya kumkimbiza kuku na kumfunga miguu. Lakini Ambakisye alisema matone makubwa yanafanya bomba lionekane kama linavuja. Alisema watu wa barabarani watadhani hana dawa ya kutosha. Alisema ataibadilisha hii ya zamani ikichakaa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Na msidhani alikaa bure. Alishona viroba akaweka uzio mpakani, ukungu ukapita juu yake. Alipanda matete, ukungu ukapenya katikati. Alikwenda kwa mchungaji akaomba ibada maalumu, na kanisa zima likapiga magoti kuombea upepo ubadili njia. Upepo, ambao ulikuwa ukivuma hivyo tangu babu zake hawajazaliwa. Mtu huyu alikuwa tayari kumsumbua Mungu aligeuze anga, ilimradi yeye asigeuze kidude cha ukubwa wa kizibo.

Msimu ule Atuganile alikuwa amepanda mbegu ya kuazima. Alimwambia shemeji yake waziwazi kwamba maharage haya yakiharibika hana tena mahali pa kuomba, itambidi arudi kwa wazazi wake. Ambakisye akasikia, akahuzunika, akapuliza. Majani yakajikunja. Mistari michache iliyokuwa mbali na mpaka ikapona, lakini wale kuku wa msamaha, kwa kuwa kuku ni kuku, walikuwa wamezaana. Wakaingia shambani wakachakura hata hiyo iliyopona. Toba ya Ambakisye ikamalizia kile ambacho kosa lake lilikuwa limekiacha.

Jumapili ile akasimama tena kanisani. Alikuwa amevaa koti lake, mkono mmoja mfukoni, kama afanyavyo mtu mwenye haya asiyejua mikono yake aiweke wapi. Akaungama vizuri kuliko siku zote. Wengine wakajifuta macho. Akasema jogoo amemwacha nje, amefungwa chini ya mti. Ndipo Atuganile akasimama upande wa wanawake.

"Shemeji," akasema, "kuku nimechoka kuwapokea. Nipe hicho ulichokishika mfukoni, nikakifunge mwenyewe kwenye bomba lako."

Ambakisye akatoa ile nozeli, akaitazama, akaipangusa vumbi la mfukoni. Ingekuwa fedheha mwanamke amfungie bomba lake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ataifunga mwenyewe, kesho. Watu wakaitikia amina kwa nguvu, na wimbo ukaanza. Nozeli ikarudi mfukoni.

Kesho yake mawingu yalikuwa mazito, magugu yanakimbilia kuota, na kupuliza kwa ukungu humaliza shamba upesi. Nani ana nafasi ya kwenda kutafuta koti?

Atuganile akaondoka kabla ya mavuno, kwa sababu mavuno hayakuwapo. Ambakisye akambebea godoro lake hadi barabarani, akalia njia nzima. Alilia kweli. Machozi yake siyatilii shaka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi. Alimpenda shemeji yake, alimkumbuka marehemu mdogo wake, alikijua kiapo chake, na dawa ya kosa lake alitembea nayo kila Jumapili imemgusa ubavuni. Alipofika nyumbani akavaa bomba. Ukungu ukalivuka shamba la Atuganile, ambalo sasa halikuwa na kitu cha kuua, ukashuka kwenye mboga za jirani wa pili.

Ambakisye akaanza kutafuta kuku.

Nawaona mnacheka. Mnamcheka mtu wa mteremkoni. Sitawaeleza dawa ni nini wala shamba la chini ni la nani. Kila mmoja wenu anajua upepo wa nyumbani kwake unaelekea kwa nani, na ni nani ambaye amekwisha kupokea kuku wake mara nyingi mno. Nina swali moja tu, na msinijibu hapa kwa amina: katika koti ulilolivaa leo kuja kutubu, mfukoni mna nini?