Mlango wa Anyelwisye

"Taa ikiwaka, anza na mlango wako."

Mmeisikia leo asubuhi, Mama Atupele alipomkatiza mumewe aliyekuwa akimfokea kila mtu kwa sababu maziwa yamechacha. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza taa gani na mlango gani. Mnadhani ni sawa na kusema nyani haoni kundule. Si sawa. Ile ya nyani ni ya kumcheka mtu, na hii haina kicheko ndani yake. Sogeeni motoni, maana mvua yetu ya Rungwe mnaijua, ikishakaa haina haraka ya kuondoka. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mtu hapa kwetu akiitwa Anyelwisye, mkulima wa viazi, aliyehangaika na jembe mpaka akanunua pikapu nyeupe ya milango miwili. Aliipenda kupita kiasi. Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, aliiosha kwa ndoo. Alianza na mlango wake wa kulia, kwa kuwa ndipo viatu vyake vya shambani vilipoacha tope. Aliufungua wazi, akamwaga maji pale chini na kwenye nguzo ya mlango mpaka pakatakata. Mlango wa kushoto haukuhitaji maji mengi, kwa sababu kila abiria alilazimishwa kukung'uta miguu kabla ya kupanda.

Na abiria walimkoma. "Polepole! Hilo si zizi la ng'ombe!" Hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yake kwa kila aliyeshuka.

Aliyepanda mara nyingi kuliko wote alikuwa dada yake mkubwa, Gwantwa. Mama yao alikufa Anyelwisye akiwa bado ananyonya, na Gwantwa, naye binti mdogo tu, ndiye aliyembeba mgongoni, akamtafunia chakula, akaacha shule kwa ajili yake. Kwa kuwa mdogo wake alirithi jina la baba yao, alimwita tata, yaani baba, tangu utotoni hadi uzeeni. Sasa Gwantwa alikuwa na kifua kibovu, na vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi. Hakuweza kuushika mlango na kuurudisha taratibu. Aliusukuma kwa bega, nao ukajibamiza kwa kishindo.

Siku moja ya soko pale Tukuyu, Gwantwa alishuka na kuusukuma mlango vile vile. Anyelwisye akatazama mbele yake, akaona kitaa chekundu kinawaka, kile chenye picha ya gari lililoacha milango wazi. Akashuka, akaufunga tena mlango wa kushoto. Kitaa hakikuzimika. Akaufungua, akaufunga, akakagua bawaba na kitasa. Kitaa kikaendelea kuwaka. Mlango wake yeye hakuufikiria hata kidogo. Huo alikuwa akiufunga mwenyewe, kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Dada, umenivunjia gari!" alisema kwa sauti, mbele ya wauza ndizi. "Kila siku nasema, husikii. Mikono gani hiyo?"

Gwantwa aliitazama mikono yake, kisha akaificha ndani ya kitenge. "Nisamehe, tata. Sikukusudia."

Wengi wangeishia hapo. Anyelwisye alinuna njia nzima.

Tangu siku ile Gwantwa hakupanda tena gari lile. Zahanati alikwenda kwa miguu, kanisani kwa miguu, na mvua juu. Mara moja Anyelwisye alimkuta barabarani, amelowa, akapunguza mwendo na kushusha kioo.

"Panda basi. Ila mlango nitaufunga mimi."

"Pita tu, tata," alijibu dada yake bila kinyongo. "Nisije nikaharibu na kilichobaki."

Akapita. Moyo ulimchoma alipomwona kwenye kioo akivuta kitenge kichwani. Lakini macho yaliporudi mbele, kitaa kilikuwa kinawaka, na hasira yake ikawaka upya.

Gari alilipeleka kwa Ambakisye, fundi wa pale njia panda.

"Mlango upi unasumbua?" fundi aliuliza.

"Wa kushoto. Dada yangu ameubamiza."

Fundi akaushughulikia wa kushoto. Akanyoosha kitasa, akabadilisha swichi. Kitaa hakikuzimika. Anyelwisye akamrudia, naye akapanga bawaba upya. Wapi! Kila gari liliporudi vile vile, Anyelwisye alizidi kuamini kwamba dada yake ameliharibu lisitengenezeke tena. Hivyo ndivyo tulivyo. Dawa isipofanya kazi, tunazidi kumlaumu yule yule.

Mvua za masika zilipokolea, alilirudisha gari kwa mara nyingine. Ambakisye alifuta mikono yake kwa tambara.

"Leo sikuulizi mlango upi, mzee wangu. Leo tuanze na mlango wako."

"Mlango wangu mzima. Hakuna mwingine anayeugusa."

"Ndiyo maana nataka kuuona."

Akaufungua mlango wa dereva, akachomoa ile swichi ndogo kwenye nguzo, ambayo mlango huibonyeza unapofungwa. Kifuniko chake cha mpira kilikuwa kimechanika. Maji ya rangi ya kahawia yakamchuruzikia kiganjani.

"Imejaa kutu," alisema. "Vyuma vimeshikana ndani. Hata ukifunga mlango, taa inadhani uko wazi. Maji haya huwa yanatoka wapi?"

 Anyelwisye aliiona ndoo yake akilini. Aliuona mkono wake ukimwaga maji pale pale, kila asubuhi, kwa mapenzi yake yote. Fundi akaweka swichi nyingine na mpira mzima, akafunga mlango. Kitaa kikazimika.

"Gari limepona, mzee wangu."

Anyelwisye aliondoka bila hata kuaga, akaenda moja kwa moja kwa dada yake. Njiani alikuwa akitafuta maneno ya kuomba radhi, na kila alilolipata lilikuwa dogo. Mlangoni alikutana na Subilaga, mjane jirani, amebeba bakuli la uji ambao haukuguswa.

"Amelala hivi tangu juma lililopita," Subilaga alisema. "Kifua kimembana. Nilitaka kukuita, akanikataza. Alisema usisumbuliwe, gari lako bado bovu."

Walimbeba wawili hao hadi garini, akiwa mwepesi mno. Walipomketisha, Gwantwa aliweka mikono mapajani akasubiri, asiuguse mlango.

"Funga, dada," Anyelwisye alisema huku machozi yakimtoka. "Ubamize unavyotaka. Haukuwa wewe. Ulikuwa mlango wangu."

Gwantwa alinyoosha mkono, akaushika mlango, akavuta. Haukusogea. Nguvu za kuubamiza hakuwa nazo tena. Akatabasamu kidogo, kama anayeomba radhi.

"Ndaga, tata," alisema. Asante, baba. "Funga wewe."

Akaufunga yeye. Gwantwa alifariki hospitalini kesho yake.

Msibani, mnajua mambo ya misiba, wanaume walipokwisha kuota moto walianza kutafuta mchawi. Nani alimwacha mgonjwa wa kifua atembee kwenye mvua? Mmoja akamtaja binti wa marehemu aliyeolewa Mbeya. Mwingine akakumbusha kwamba Subilaga na marehemu waliwahi kugombania mpaka wa shamba, na tena uji wa mwisho ulitoka mkononi mwake. Sauti zikashuka, macho yakageukia upande wa wanawake. Subilaga akainamisha kichwa. Maneno ya namna hiyo yamewahi kumhamisha mtu na watoto wake.

Anyelwisye angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa akimtazama yeye, kaka mwenye gari, aliyemkimbiza dada yake hospitalini. Akasimama.

"Mwacheni Subilaga," alisema. "Taa ikiwaka, anza na mlango wako. Mimi nilianza na mlango wa dada yangu, na leo tumemzika."

Akawaeleza yote, tangu soko hadi ndoo.  Mzee mmoja alikohoa, mwingine akasogeza kuni. Habari za Subilaga hazikutajwa tena.

Baada ya hapo aliendelea kubeba watu, tena bure wagonjwa na wazee. Kila aliyeshuka alimwambia, "Funga kwa nguvu, usiogope." Lakini watu walikwisha kusikia habari ile. Waliufunga mlango kwa ncha za vidole, polepole kabisa, kama alivyotaka zamani, naye akabaki ameshika usukani, akisubiri kishindo kisichokuja.

Kwa hiyo msimcheke baba Atupele. Nendeni mkamsaidie kuosha madumu ya maziwa, na kila mmoja aanze na lile aliloliosha mwenyewe jana. Taa ikiwaka, anza na mlango wako.