Nyungu ya Mama Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakapika kwenye mafiga na kugombana na majirani kama sisi, aliishi Mama Pimbi na binti yake mmoja, Kidawa. Pimbi mnamjua? Yule mdogo wa kwenye mawe, mnene kidogo, asiye na mkia wa maana. Msimcheke. Ngojeni kwanza.

Masika ya mwaka ule yalileta mafua mwituni kote. Ukipita nyumba hii, chyaa! Ukipita ile, koho koho! Na kila mtu alijifanya mganga. Mara sukutua maji ya chumvi, mara lamba asali na ndimu, mara tafuna kitunguu saumu kibichi mpaka machozi yakutoke. Yalikuwa mateso matupu, lakini watu walipona.

Kidawa alikuwa hoi kwa homa. Mama yake alikuwa amebandika nyungu jikoni, kile chungu cha kujifukizia, kimejaa majani ya mkaratusi, mchaichai, ndimu, tangawizi na vitunguu saumu. Maji yalikuwa yanatokota, naye ameshika blanketi tayari kumfunika binti yake, mara mlango ukasukumwa, paa!

Alikuwa Chui. Hata hodi hakupiga. Aliujaza mlango mzima, macho mekundu, pua inachuruzika.

"Leo nimekuja kukula," alisema kwa sauti iliyokauka. "Wewe na... na... chyaa! Wewe na mtoto."

Kidawa alikuwa ameshajitupa uvunguni mwa kitanda. Lakini kikohozi kina adabu gani? Koho koho!

"Namsikia huyo," alisema Chui.

Mama Pimbi akaupima mlango kwa macho. Angekuwa peke yake, angepenya katikati ya miguu ya Chui na kutokomea. Lakini Kidawa hata kusimama hawezi, na mama gani atamwacha mwanawe chini ya kitanda? Akapiga magoti.

"Shikamoo, mjomba."

Chui akasita. Hata Chui alilelewa na mama yake. "Marahaba."

"Pole na kikohozi, mjomba. Maskini, sauti yote imekwenda! Na huko nyumbani hakuna hata mmoja aliyekuchemshia chochote?"

Mdomo wa Chui ukaanza kutetemeka. Mnawajua wakubwa wakipata mafua kidogo. Watoto wachanga wana afadhali.

"Hakuna," alisema. "Nimelala peke yangu. Hata maji ya kunywa sikuletewa."

"Jamani! Na koo lilivyovimba hivyo, utamezaje pimbi? Manyoya yetu yanavyowasha! Utakohoa mpaka utapike, na mlo wote utapotea bure."

Chui akafikiri. Hata mate yalikuwa yanamuuma kumeza.

"Basi nitibu kwanza," alisema. "Halafu ndiyo nikule."

"Hayo ndiyo maneno, mjomba."

Akampa kikombe cha maji ya chumvi. "Tazama juu, sukutua, usimeze."

Chui akatazama juu. "Golololololo!"

Mama Pimbi akaanza kunyata kuelekea kitandani. Hatua moja, ya pili... Pu! Mkono wa Chui ukamdaka shingoni.

"Gololo?" aliuliza Chui, maji bado yamo mdomoni.

"Nafuata asali tu, mjomba!"

Chui akalamba asali na ndimu. Akatafuna kitunguu saumu kibichi, akalia machozi, akaita mama yake. Ila mkono wake haukuachia shingo ya Mama Pimbi hata kidogo, na sasa dawa zilikuwa zinakwisha. Ilibaki nyungu.

"Hii ndiyo yenyewe, mjomba," alisema Mama Pimbi, akiteremsha chungu chini. "Inama hapa nikufunike blanketi. Lakini shika pindo kwa mikono yote miwili. Mvuke ukitoka, ugonjwa unabaki."

"Yote miwili?"

"Yote miwili. Na usifunue hata iweje! Upepo ukikuingia, mafua yanashuka kifuani. Utasikia unaungua, utasikia unaumwa. Vumilia tu. Ndio ugonjwa unatoka."

"Nitajuaje kwamba hujakimbia?"

"Si utanisikia nakohoa?"

Chui akaridhika, akainama. Fuu! Blanketi likamfunika. Mikono yote miwili ikashika pindo, na shingo ya Mama Pimbi ikawa huru. Akamvuta Kidawa kutoka uvunguni, akambeba mgongoni kwa kanga, akamziba mdomo kwa kiganja, wakatoka.

Mlangoni wakakumbana na Fisi! Pua juu, mate yanamdondoka.

"Supu hiyo!" alisema Fisi, naye akikohoa. "Koho koho! Nimenusa tangawizi na vitunguu saumu tangu kule bondeni." Kisha akamwona Kidawa, akaramba midomo.

Miguu ya Mama Pimbi ililegea. Lakini ulimi haukulegea.

"Karibu, jirani! Kuna pande kubwa la nyama humo ndani, nimelifunika blanketi lisipoe. Mimi nakimbilia chumvi. Wahi kabla wengine hawajanusa!"

Fisi akawapima pimbi wawili kwa macho, akalitazama lile furushi kubwa linalofuka moshi. Akaingia.

"Pimbi, upo?" aliuliza Chui chini ya blanketi.

"Koho koho!" alikohoa Fisi.

"Vizuri."

Fisi alishangaa kidogo. Ila fisi gani ameacha nyama kwa sababu inazungumza? Akachagua pahali penye mnofu, nyuma kabisa, akang'ata. Nga!

"Aaah! Unatoka!" alilia Chui, akishikilia pindo kwa nguvu zaidi. "Ugonjwa unatoka!"

Nga!

"Unatoka wote! Mama wee!"

Nga!

Mng'ato huo wa tatu ulimshinda. Chui akaruka na blanketi lake, chungu kikapinduka, maji ya moto yakawapata wote wawili. Yowe! Mmoja akatokea mlangoni, mwingine akapasua ukuta, na hakuna aliyesimama kumuuliza mwenzake lolote.

Wakati huo Mama Pimbi alikuwa juu kwenye majabali, ndani ya ufa mwembamba ambao kichwa cha Chui hakipiti. Alikuwa amemkumbatia Kidawa, wanasikia mayowe yote, naye analia na kucheka kwa pamoja.

"Mama," alinong'ona Kidawa, "na mimi utanifukiza hivyo hivyo?"

"Wewe utalamba asali tu, mwanangu."

Basi wanangu, mkubwa akija kukumaliza, tafuta haraka kile anachokitamani kuliko kukumaliza, umpe hicho.