Nungunungu na Wimbo wa Mama Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Mwenye kusinzia na asinzie, mradi ameosha miguu.

Hapo kale, wanyama walikuwa na mchezo wao wa mavuno, mchezo wa kuigiza kwa nyimbo tupu. Mwamuzi wa nyimbo alikuwa Nungunungu. Kila mtunzi alipeleka wimbo mlangoni kwake. Nungunungu akinyamaza, wimbo umepita. Akitikisa miiba, chakacha-chakacha, wimbo umekufa.

Mwaka huo akaja Chura na maneno mazito, hata mwenyewe hakuyaelewa. Nungunungu akanyamaza. Akaja Fisi na wimbo wa kumsifu Nungunungu. Nungunungu akanyamaza, tena akatabasamu.

Akaja Mama Kanga. Akaimba, "Njooni, wanangu, njooni." Akatua. "Njooni, wanangu, njooni." Akatua. "Njooni, wanangu, njooni."

"Basi?" akauliza Nungunungu.

"Basi, mzee. Lakini ukiusikia mchezoni..."

"Niusikie mara ngapi? Neno lile lile mara tatu! Mama, huu ni wimbo, au unaita wanao waje kula ugali?"

Foleni nzima ya watunzi ikaangua kicheko. Miiba ikalia, chakacha-chakacha. Mama Kanga akaenda zake, hakugeuka nyuma.

Siku ya mchezo ikafika. Nungunungu akakaa mbele kabisa na binti yake. Ikaja zamu ya Mama Kanga kuigiza: nyika imeungua, vifaranga wake wamejificha kwenye majani yaliyosalia. Mama Kanga akasimama katikati ya uwanja. Ngoma zikakoma, maana wimbo ulikatazwa. Akafungua mdomo. Akaufunga.

"Baba, mbona haiti watoto wake?" binti akauliza.

"Amekatazwa."

"Na nani?"

Nungunungu akatazama miguu yake. "Na mimi."

"Kwa nini?"

Nungunungu akainuka, masikio yakiwaka moto. "Imba, Mama Kanga."

"Si ulisema ni wa kuitia watoto ugali, mzee?"

"Nilikosa."

"Kule nyuma hawajasikia."

"Nilikosa!" akapaza sauti. "Niliucheka kabla sijajua nani anaitwa!"

Mama Kanga akaimba. "Njooni, wanangu, njooni." Akatoka kifaranga mmoja. "Njooni, wanangu, njooni." Akatoka wa pili. "Njooni, wanangu, njooni."

Hakutoka mtu.

Mama Kanga akangoja. Uwanja wote ukangoja naye. Hapo Nungunungu akakumbuka: moto wa mwaka jana, na kifaranga wa tatu ambaye hakurudi. Msibani alikwenda. Alikula wali wa watu, akatoa pole, akarudi kwake kulala.

Tangu siku ile Nungunungu alijichimbia shimo, na mchana haonekani. Miiba yake mwenyewe ikilia, hushtuka.

Basi, wanangu, wimbo haupimwi mlangoni. Usikilize mahali pake, na umtazame anayeuimba, ndipo useme.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliye na yake aibebe, nasi tusicheke mpaka amalize.