Kamba ya Kumpima Mashavu

Sogeeni karibu. Anayesikia asikie, na anayesinzia ajifinye, maana kisa chenyewe si kirefu.

Mwaka mmoja mvua za vuli hazikunyesha, na za masika zikapita mbali kama mgeni aliyesahau njia. Vijito vyote vya mbuga vikakauka. Likabaki bwawa moja tu, Bwawa la Matete, lililozuiwa upande wa chini na tuta pana la udongo. Wanyama wote walikunywa hapo.

Humo bwawani aliishi Mashavu, kiboko wa kike aliyekuwa bado msichana. Ukame ulipoanza, wazazi wake na viboko wengine walihamia mto mkubwa. Yeye akabaki kumtunza bibi yake, ambaye miguu yake haikumudu tena safari. Mashavu alipenda jambo moja kuliko yote: kurudi nyuma, kupiga mbio na kujitupa majini. Tubwi! Maji yaliruka, wimbi likawabeba vifaranga wa bata, nao wakapiga kelele, "Tena, Mashavu! Tena!" Hakuwahi kujiuliza kama ni mnene au mwembamba. Alikuwa kiboko, basi.

Lakini maji yakaanza kupungua, na yalipungua haraka kuliko jua lilivyoweza kuyanywa. Wa kwanza kulalamika alikuwa Simba. Si kwamba alikuwa na kiu. Simba alikuja bwawani kila asubuhi kutazama manyoya ya shingo yake majini.

"Zamani nilijiona mpaka kifuani," alinguruma. "Leo naona kidevu tu. Kesho nitaona nini?"

Akaitisha baraza. Wanyama walipokusanyika, Sungura akainuka, akakohoa kidogo, akainamisha masikio kama mtu mwenye huzuni.

"Bwana mkubwa, mimi sipendi kuwasema wenzangu. Lakini tujiulize. Mashavu akiingia majini, maji yanapanda. Akitoka, yanashuka. Sasa hayo yanayoshuka huenda wapi, kama si mwilini mwake?"

Wanyama wakatikisa vichwa kukubali. Walilisikia kama jambo lenye hesabu ndani yake, na hakuna aliyetaka kuonekana hajui hesabu.

Macho yote yakamgeukia Mashavu. Kwa mara ya kwanza maishani aliuona mwili wake kama kitu kilichosimama pembeni yake, kikubwa, kinachotazamwa. Akatamani kukifunika kwa jani.

"Mimi nakunywa kama wenzangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Wenzako!" Sungura akacheka. "Wenzako ni akina nani hapa, binti? Digidigi?"

Baraza zima likaangua kicheko. Hata waliompenda Mashavu walicheka, kwa kuwa jirani zao walikuwa wanacheka.

Sungura akatoa kamba ya ukindu. "Si kwa ubaya. Kamba hii ikimzunguka kiuno na ncha zikakutana, aoge. Zisipokutana, akae nje mpaka apungue. Mimi mwenyewe nitampima kila asubuhi."

Simba akakubali. Bibi yake Mashavu, ambaye masikio yake yalikuwa mazito, aliuliza kumesemwa nini. Alipoelezwa, akafura kwa hasira.

"Kiboko mwembamba nimepata kumwona mmoja tu," alisema, "naye hakumaliza wiki!"

Lakini Simba alikuwa amekwisha kutoa hukumu, na Simba hakuwa na desturi ya kusikia mara mbili.

Asubuhi iliyofuata Mashavu akapimwa mbele ya wote. Pengo kati ya ncha za kamba lilikuwa dogo, upana wa kwato. Siku hiyo akala nusu ya chakula chake. Kesho yake pengo lilikuwa limeongezeka.

"Umekula nini, binti?" Sungura aliuliza kwa upole.

"Majani kidogo."

"Kidogo!" Sungura akawageukia watazamaji. "Mmesikia wenyewe."

Mashavu akapunguza chakula tena. Pengo likazidi tena, siku baada ya siku, mpaka kamba haikufika hata mbavuni. Mashavu akawa anatembea nyuma ya vichaka, anacheka kwa mdomo uliofungwa, anajitandaza majani mgongoni. Ngozi yake, isiyozoea kukaa nje ya maji, ikaanza kupasuka kwa jua. Vifaranga wa bata walipomwita, alijifanya hakusikia.

Aliyemsifu alikuwa mmoja tu, Fisi.

"Usijinyime, binti yangu," Fisi alimwambia, akimeza mate. "Mwili kama huo ni neema. Hasa hayo mapaja."

Mashavu alimshukuru, kisha akaongeza mwendo, bila kujua kwa nini.

Adhuhuri moja, wanyama walipokuwa wamejilaza vivulini, alikuja rafiki yake Digidigi, msichana wa rika lake. Miguu yake yote minne ilikuwa imekandikwa tope zito, na alitembea kama aliyevaa viatu vya baba yake.

"Miguu imefanya nini?" Mashavu akauliza.

"Nainenepesha," Digidigi akajibu kwa aibu. "Sungura kasema nina vijiti vya mishikaki."

Wakatazamana. Kicheko kikaanza kwa Digidigi, kikamrukia Mashavu, wakacheka mpaka tope likabanduka. Mashavu hakuwa amecheka hivyo tangu siku ya baraza.

Ile kamba ilikuwa imening'inizwa kichakani kando ya bwawa. Sungura aliiacha hapo makusudi, kila apitaye aione.

"Hebu nami nijipime," Digidigi akasema kwa mzaha, "nijue kama nina haki ya kuoga."

Akajizungushia kamba kiunoni. Ncha hazikukutana. Akavuta. Akabana pumzi. Hazikukutana.

Kicheko kikaisha. "Mashavu, kumbe mimi nina tumbo?"

"Wewe? Wewe hata kivuli chako hakijazi kitu."

Mashavu akaisogelea kamba na kuitazama kwa makini. Mwishoni ukindu ulikuwa umekatwa, si kwa kisu, bali kwa meno mawili ya mbele, na alama zilikuwa mbichi.

"Kila asubuhi anaitafuna," Digidigi alisema polepole. "Na sisi sote tulikuwa tunalitazama tumbo lako. Hakuna aliyeitazama kamba."

Mashavu akahisi joto kifuani, nalo halikuwa la jua. Siku zote hizo za njaa! Alitaka kulia na kupiga kitu teke kwa wakati mmoja. Kisha akawaza: mbona Sungura ahangaike hivyo? Anapata nini?

"Wenzetu wote wamelala," akasema. "Sungura yuko wapi?"

Kivulini hakuwepo. Lakini juu ya tuta walikuta nyayo zake, ndogo, na zenye tope bichi. Tope bichi, katika ukame ule! Wakazifuata, wakashuka upande wa pili mpaka kwenye boma la miiba, wakachungulia.

Ndani ya miiba kulikuwa na shamba. Majani yake yalikuwa ya kijani mpaka macho yakauma, na matikiti yalilala kila mahali kama nguruwe walioshiba. Chini ya tuta Sungura alikuwa amechimba tundu lililotokea bwawani. Aliliziba kwa jiwe, na kila adhuhuri alilisogeza jiwe hilo na kuyaachia maji yaingie shambani mwake.

Naye hakuwa peke yake. Fisi alikuwa amesimama mbele yake, anafoka.

"Uliniahidi nikikutunzia siri! Ulisema atafukuzwa majini, atadhoofika, nami nitamkamata nchi kavu. Sasa mbio anazo bado na minofu inakwisha! Nitakula mifupa?"

"Punguza sauti. Subiri kidogo tu."

"Nisubiri nini? Kila siku wewe unakula tikiti, mimi nakula ahadi!"

Kwa hasira Fisi akalipiga teke lile jiwe. Jiwe likabingirika. Udongo wa tuta, uliokuwa umelowa siku nyingi, ukamomonyoka pembeni mwa tundu, na maji yakatoka kwa kishindo. Tundu likapanuka, likapanuka tena. Maji yakambeba Fisi na kumtupa miibani. Sungura akarukia kichuguu na kukikumbatia.

"Digidigi, kawaite wote!" Mashavu akapiga kelele.

Digidigi akachomoka. Vijiti vile vya mishikaki havikuonekana tena, lilionekana vumbi tu.

Mashavu akapanda juu ya tuta. Mbele yake bwawa lilikuwa linazunguka na kunywea kuelekea kwenye tundu, kama uji unaomwagika kutoka chungu kilichotoboka. Akasukumia gogo, likamezwa. Akasukumia jiwe, likamezwa. Akalitazama tundu, halafu akajitazama mwenyewe, na akaelewa la kufanya.

Lakini wanyama walikuwa wanakuja. Alisikia kwato zao. Wangemwona mchana kweupe, wote, kutoka kila upande, na wasingeona kingine ila yeye. Masikio yake yakawaka moto. Akasimama pale kitambo kidogo, kitambo ambacho maji hayakumsubiri.

"Wacha watazame," akajiambia, akajitupa majini.

"Ametoroka! Ameingia majini!" wanyama wakapiga mayowe. Simba akatokea mbele yao, manyoya yamemsimama.

"Toka humo! Nani kakuruhusu?"

Mashavu alikuwa amekwisha kurudi kinyumenyume mpaka kwenye tundu na kulikalia. Lakini maji yalipenya kushoto na kulia. Kwa mara ya kwanza tangu baraza lile alijilaumu kwamba jana hakula. Akavuta pumzi ndefu, akajaza mapafu, akatanua mbavu, akajitandaza kadiri alivyoweza kutandazika. Maji yakawa uzi, kisha yakawa matone, kisha yakakoma.

"Nikitoka, Bwana Simba," alisema, akihema, "bwawa linatoka na mimi. Tazameni kwanza nyuma ya tuta."

Digidigi akawaongoza. Wakaona shamba. Wakaona matikiti yakielea kwenye tope, na Sungura juu ya kichuguu, ganda la tikiti limemgandia shavuni.

"Bwana mkubwa," Sungura akaanza, "nilikuwa nakuandalia zawadi. Nilitaka iwe siri mpaka..."

"Mwongo!" Fisi akalia kutoka miibani. "Alisema matikiti atayala peke yake, na bwawa likikauka nyinyi mtakuja kumpigia magoti! Mimi kanidanganya kwa nyama ya kiboko!"

Hakuna aliyemuuliza Fisi lolote tena, na yeye hakungoja kuulizwa. Alijinasua miibani, akaacha nusu ya mkia wake pale, akakimbia bila kutazama nyuma.

Wanyama wakaanza kubeba udongo na mawe kuziba tuta. Simba akaamuru Sungura abebe zaidi ya wote, na kila alipopumzika, Simba alikohoa. Shamba likagawanywa, tikiti moja kwa kila familia, na aliyelilima akapewa maganda.

Alasiri yote Mashavu alikaa pale tunduni, mgongo ukimuuma. Bibi yake akamletea shada la majani mabichi, kisha jingine.

"Kula, mjukuu wangu," alisema. "Usiache ufa."

Tuta lilipokuwa imara, Mashavu akajichomoa, na maji hayakufuata. Simba akasogea mpaka ukingoni. Alikuwa na neno la radhi kooni, lakini Simba hakuwahi kulitamka neno hilo maishani, likamkwama.

"Kuanzia leo," akasema, "nakuruhusu kuoga."

"Asante, Bwana Simba. Lakini hapa ni kwetu, nilizaliwa humu. Ruhusa siiombi."

Wanyama wakashusha macho. Simba akageuka kutazama manyoya yake majini.

Msidhani aibu iliisha siku hiyo hiyo. Kuna asubuhi Mashavu alikiona kivuli chake mchangani, na kabla ya kufikiri alikuwa amebana tumbo. Alikaa hivyo kidogo, kisha akauachia mwili, akaenda kutafuta chakula. Siku za kubana zikapungua. Digidigi aliliosha tope lake lote, na alikuwa wa kwanza kufika kila alipotumwa, na hata asipotumwa.

Mvua ziliponyesha, viboko wakarudi kutoka mto mkubwa, bwawa likajaa makelele. Siku moja njiani Mashavu akakutana na Ngiri, ambaye mdomo wake husema kabla ya yeye mwenyewe kujua.

"Mashavu! Mbona umenenepa hivyo?"

Waliokuwa karibu wakageuka, wakangoja. Mashavu akamaliza kutafuna kilichokuwa kinywani mwake.

"Ndiyo," akasema. "Sogea kidogo basi, nataka kupita."

Ngiri akasogea.

Kisa changu nakiachia hapo. Mwili wa Mashavu ulikuwa wa Mashavu. Waliousema walisema, naye akapita.