Gamba Lako, Roho Yangu

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa na simu, na aliyeinunua haruhusiwi kuigusa. Mpo?
Tupo.
Basi zimeni zenu, tusikilizane.

Hapo kale, si kale sana, Kiboko ndiye aliyeuza simu peke yake mto mzima. Nguchiro akanunua moja. Alitaka jambo moja tu: shemeji yake anayeishi sehemu ya juu ya mto ampigie maji yakianza kuja, ili awatoe wanawe shimoni.

Lakini simu ya Kiboko haikupokea kabla ya kuimba. "Booo! Nani mkubwa? Kiboko! Booo! Nani mzuri? Kiboko!" Beti kumi na mbili. Mafuriko yalipokuja, shemeji akapiga, simu ikaimba. Ilipomaliza, maji yalikuwa mlangoni. Nguchiro aliwatoa watoto kwa meno, mmoja mmoja, na kitindamimba akawa amekwisha kunywa maji. Alimtapisha hadi akapumua.

"Wimbo huu nitaufuta," akasema.

Akabonyeza huku, simu ikakataa. Akabonyeza kule, ikakataa. Kru, kru, kru, akachimba ndani ya programu kama achimbavyo shimo. Siku tatu hakula nyoka. Siku ya nne akaufuta wimbo, akaweka mlio wake, na mwingine wa akiba.

Kiboko akasikia. Akaja, ndi, ndi, ndi, akamburuta hadi kwa hakimu Tembo.

"Mheshimiwa, huyu amevunja sheria. Nilimuuzia gamba tu. Roho ya simu ni yangu. Afukuzwe mtoni, yeye na wanawe."

Nguchiro hakurudi nyuma. "Shikamoo, mheshimiwa. Naomba nimuulize mzee Kiboko. Sauti ya simu ni gamba au ni roho?"

"Roho," akasema Kiboko.

"Kwa hiyo ikisema neno, msemaji ni nani?"

"Ni mimi, nani tena? Andikeni."

Karani Korongo akaandika, kwi, kwi, kwi.

Nguchiro akakohoa mara mbili. Shemeji, aliyekuwa nje akisubiri kikohozi hicho, akapiga.

"Booo! Nani mpumbavu? Hakimu! Booo! Nani ana masikio kama magunia? Hakimu!"

Tembo akakunja mkonga taratibu. "Kiboko, maneno haya ni ya nani?"

Kiboko akaitazama simu. Akazitazama pembe za hakimu. "Ni yake, mheshimiwa. Simu ni yake. Gamba lake, roho yake, tangu siku aliyonunua."

"Andika hivyo," Tembo akamwambia karani. Kisha akamgeukia Nguchiro. "Basi matusi ni yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa. Na kwa kuwa simu ni yangu, ninaruhusiwa kuyafuta." Akabonyeza mara moja, yakafutika.

Tembo alijizuia asicheke, akashindwa. Akamhukumu Nguchiro kufagia baraza wiki nzima. Nguchiro akafagia akiimba. Mvua iliyofuata, simu ililia neno moja tu, "Maji," na watoto wote wakatoka na miguu mikavu.

Sasa funzo, na mlishike. Simu ya kununua usiiguse hata kidogo, mtii muuzaji, utakuja kufagia baraza la watu bure. Na ukiigusa, shemeji awe nje.

Hadithi yangu imeisha chaji. Aliye na waya achomeke.